Kocha Anakupenda Wewe, au Anapenda Medali Zako?

Mkimbiaji wa chuo kikuu ana miaka minne tu ya kung'ara. Kocha wake anaweza kukaa palepale miaka thelathini na zaidi. Makocha waliodumu wanajua siri ambayo bosi wako, mwenza wako na hata wewe mwenyewe mnaihitaji.

Hebu tuwe wakweli. Ni nani kati yetu hajawahi kulala chali usiku, macho kwenye dari, akijiuliza: hivi huyu mtu ananipenda mimi, au anapenda anachokipata kwangu? Dada anajiuliza hivyo kuhusu kaka mwenye gari zuri na ahadi kibao. Kaka naye anajiuliza kuhusu bosi anayemsifia mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, lakini siku akiumwa hata simu hapigiwi. Swali ni lilelile, na jibu lake halipatikani siku za mwanzo mambo yakiwa matamu. Linapatikana siku ambayo huna tena cha kutoa.

Leo nalipeleka swali hili mahali ambapo pengine hukutarajia: kwenye riadha za vyuo vikuu vya Marekani. Usigeuze ukurasa, msomaji wangu, kuna sababu. Vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda kukimbia na kusoma huko tangu miaka ya 1970, na baadhi ya majina makubwa unayoyajua yalipikwa kule. Halafu kazi ya kocha wa chuo ni kipimo kikali cha swali letu. Mwanafunzi anapita, kocha anabaki. Kila mwaka mpya wa masomo unamletea miguu mipya, mapafu mapya, na vijana wenye njaa ya kujulikana. Kama mtu ana tabia ya kutumia watu na kuwatupa, hakuna mahali rahisi kuliko hapo.

Kazi yenyewe ikoje?

Tuanze na mfumo, maana bila kuuelewa huwezi kuona mtego uko wapi.

Kwa kanuni zilizotumika miaka mingi, mwanafunzi aliruhusiwa kushindania chuo chake misimu minne ndani ya miaka mitano. Lakini kwa mkimbiaji wa mbio ndefu mwaka mmoja una misimu mitatu. Septemba hadi Novemba ni mbio za nyika, yaani kwenye majani, vilima na matope. Baridi ikikaza watu wanaingia ukumbini, na mbio za ndani zinaendelea hadi Machi. Kisha wanatoka nje, mbio za uwanjani zinakwenda hadi Juni. Sasa piga hesabu mwenyewe: huyu kijana anapumzika lini?

Ongeza suala la pesa. Kuanzia mwaka 1973 hadi 2012, vyuo vikubwa vilitoa ufadhili wa michezo kwa mwaka mmoja mmoja tu. Kila mwaka ulihitaji kuongezwa upya. Na kwa miaka mingi, hadi mabadiliko ya 2025, timu ya wanaume ya riadha ilikuwa na nafasi 12.6 za ufadhili kamili. Ndiyo, kumi na mbili nukta sita! Hizo ni za wakimbiaji wa mbio fupi, mbio ndefu, warukaji na warushaji, wote kwa pamoja. Kocha alikuwa anaukata ufadhili kama mkate: huyu nusu, yule robo, mwingine asubiri mwakani.

Jiweke kwenye nafasi ya kijana aliyetoka Kapsabet au Musoma. Yuko maelfu ya kilomita kutoka nyumbani. Theluji anaiona kwa mara ya kwanza. Viza yake ni ya masomo, hawezi kwenda kutafuta kibarua mtaani anavyotaka. Mtu anayeamua kama mwakani atarudi darasani ni yuleyule aliyeshika saa pembeni ya uwanja. Kijana huyo akiambiwa "kimbia", hata kama goti linauma, atasema nini? Atafunga kamba za viatu, basi.

Hapo ndipo tabia ya kocha inapoonekana.

Na kuna jambo moja zaidi, tamu sana. Kwenye mbio za nyika timu inaingiza wakimbiaji saba, na watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Aliyeshika nafasi ya kwanza ana pointi moja, wa kumi ana kumi. Unajumlisha namba zao, na timu yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Timu isiyoweza kushindwa inapata 15, yaani nafasi ya kwanza hadi ya tano zote zake. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, kilichokuwa na Watanzania kikosini, kilipata 17 kwenye fainali ya taifa. Si mchezo!

Umeona maana yake? Kocha mwenye nyota mmoja na wengine wanne walio hoi hapati kitu. Yule wa tano, ambaye hakuna anayemwomba picha, ndiye anayeamua ubingwa. Ukitaka kumjua kocha, au meneja wa ofisi yako, usitazame anavyomtendea nyota. Mtazame anavyomtendea wa tano.

Mkulima wa Fayetteville

Ukizungumzia kudumu kwenye kazi hii, jina la John McDonnell haliwezi kukosekana. Alizaliwa mwaka 1938 Crossmolina, kijiji cha wakulima huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Akaenda Marekani, akakimbia, akasoma Louisiana, akafundisha mbio shule za sekondari. Mwaka 1972 akapewa timu ya mbio za nyika ya Chuo Kikuu cha Arkansas, mjini Fayetteville. Baadaye akakabidhiwa riadha yote. Alistaafu 2008, na akafariki Juni 2021 akiwa na miaka 82.

Miaka thelathini na sita, mwajiri mmoja, mji mmoja. Siku hizi mtu akikaa kazini miaka mitatu anaonekana kachoka!

Alipoondoka alikuwa na mataji 40 ya taifa: 11 ya nyika, 19 ya ukumbini na 10 ya uwanjani. Hakukuwa na kocha mwingine wa mchezo wowote wa vyuo Marekani aliyekuwa amefika hapo. Kwa haki, tuseme na hili: yalikuwa 42, lakini mawili ya uwanjani, ya 2004 na 2005, yalifutwa kwa sababu ya ukiukaji wa kanuni uliofanywa na msaidizi wake. Kiongozi anabeba pia mizigo ya walio chini yake. Ndiyo kazi.

Lakini namba iliyonivutia mimi si 40. Ni hizi mbili.

Ya kwanza ni 12. Hiyo ni miaka aliyosubiri. Alianza 1972, taji lake la kwanza la taifa likaja 1984. Fikiria miaka kumi na miwili ya kuamka alfajiri, kusafiri na vijana, kurudi mikono mitupu kwenye fainali kubwa, na mwakani kuanza tena. Ni wangapi kati yetu tungekuwa tumeshaandika barua ya kuacha kazi? Au, kwenye mapenzi, tungekuwa tumeshasema "hatuendani"? Baada ya hapo mlango ulipofunguka haukufungwa: ukumbini walichukua ubingwa wa taifa mara 12 mfululizo, 1984 hadi 1995.

Ya pili ni 34. Kuanzia 1974 hadi 2007, Arkansas haikupoteza ubingwa wa nyika wa kanda yake hata mara moja. Hata walipohama kanda mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliendelea. Sasa kumbuka, mwanafunzi anakaa miaka minne au mitano. Maana yake mzee huyu alijenga timu, ikamaliza chuo ikaondoka, akajenga nyingine, nayo ikaondoka, mara nane na ushee. Huwezi kufanya hivyo kwa kukamua watu. Ukiwakamua wa mwaka huu, habari zinawafikia wa mwakani kabla hujapiga simu ya kwanza. Wazazi wanaongea, wakimbiaji wenyewe wanaongea. Jina lako linafika kabla yako.

McDonnell alikuwa mtoto wa shamba, na hata akiwa kocha mkubwa aliendelea kufuga ng'ombe. Mfugaji anajua: ng'ombe unayetaka maziwa yake mwakani humkamui mpaka damu mwaka huu.

Alijua pia mipaka yake. Yeye alikuwa mtu wa mbio ndefu. Mambo ya kuruka akamwachia Dick Booth, na kutoka kwenye kundi la warukaji wa Arkansas akatokea Mike Conley, bingwa wa Olimpiki wa miruko mitatu mwaka 1992 mjini Barcelona. Bosi anayekubali kwamba kuna jambo msaidizi wake analijua vizuri kuliko yeye, huyo mshike.

Na yule wa tano? Mtazame Daniel Lincoln, kijana wa hapohapo Arkansas, aliyeingia chuoni bila makocha wa nchi nzima kumgombania. Akawa bingwa wa vyuo wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kisha mwaka 2006 mjini Roma akaweka rekodi ya Marekani ya mbio hizo, dakika 8:08.82. Wakati huohuo alikuwa anasomea udaktari. Leo anaitwa daktari, na hilo hakuna atakayelivunja kama rekodi.

Pullman, hadithi ya kwanza

Tutoke Fayetteville, twende kaskazini-magharibi, kwenye mji mdogo wa Pullman wenye vilima vya ngano. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Vijana wawili wa Nandi walipita hapo kwa tofauti ya miaka ishirini. Hadithi zao ukiziweka pamoja, utaelewa kwa nini nimeandika makala hii.

Wa kwanza ni Henry Rono. Alifika 1976, kocha mkuu akiwa John Chaplin, mtu aliyeona mapema vipaji vya Kenya na aliyekaa kwenye kiti hicho kuanzia 1973 hadi 1994. Mwaka 1978 Rono alifanya jambo ambalo hadi leo ukilisimulia mtu anadhani unaongeza chumvi. Aprili 8, rekodi ya dunia ya mita 5,000. Mei 13, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Juni 11, mita 10,000. Juni 27, mita 3,000. Rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, akiwa bado mwanafunzi!

Sasa sikiliza na hili. Novemba ya mwaka huohuo alisimama kwenye mstari wa fainali ya nyika ya vyuo, ubingwa aliokuwa ameuchukua 1976 na 1977. Akamaliza wa 237. Mtu yuleyule. Mwili uliokuwa umeipa dunia kila kitu kati ya Aprili na majira ya joto haukuwa na kitu tena. Mwaka uliofuata aliamka, akauchukua tena ubingwa ule, na mwaka 1981 akavunja tena rekodi ya mita 5,000. Kipaji kilikuwa hakijaisha. Kilichokuwa kinaisha ni yeye.

Olimpiki hakuwahi kuiona kama mshindani, maana Kenya ilisusia 1976 na 1980. Pombe ikamkamata. Pesa zikaondoka, marafiki wakaondoka, ikafika mahali hana pa kulala. Yote haya ameyaeleza mwenyewe kwenye kitabu chake cha mwaka 2007, bila kujificha. La kutia moyo ni kwamba aliinuka: aliacha pombe, akafundisha vijana huko Albuquerque, akarudi nyumbani Kenya. Alifariki Nairobi Februari 2024, akiwa na miaka 72.

Si haki kumtupia mzigo huu mtu mmoja, awe kocha au yeyote. Kulikuwa na siasa za kususia, waandaaji wa mbio waliotaka jina lake kwenye mabango, na maamuzi yake mwenyewe. Lakini hadithi yake inaacha swali zito mezani: miaka ya chuo ikiisha, makofi yakinyamaza, ni nani anabaki kukuuliza umelala wapi, umekula nini?

Pullman, hadithi ya pili

Mwaka 1996 akafika kijana mwingine, Bernard Lagat, akitokea chuo kikuu cha Jomo Kenyatta alikokuwa ameanza masomo. Aliyempokea upande wa mbio ndefu ni James Li, Mchina aliyekuwa amekuja Marekani kusoma na akabaki kufundisha. Mwalimu mgeni, mwanafunzi mgeni, na Kiingereza si lugha ya mama kwa yeyote kati yao. Labda ndiyo sababu walisikilizana.

Li hakumpakia mazoezi kama gunia. Kwa mkimbiaji wa kiwango chake, Lagat alikimbia kilomita chache kuliko wenzake wengi. Wiki ilikuwa na siku moja ya mapumziko kamili. Na kila msimu ukiisha, kipindi cha vuli, aliacha kukimbia kabisa kwa takriban wiki tano. Wiki tano! Wakati wapinzani wake wanapanda milima, yeye anakula vizuri, anacheza na watoto, anaongezeka uzito kidogo. Ukimwambia kocha mwenye haraka habari hiyo, atakuona umerogwa.

Haya, tuone matunda. Mwaka 2000 Sydney, medali ya shaba ya mita 1,500. Mwaka 2001 Brussels, dakika 3:26.34, muda unaowatisha watu hadi leo. Mwaka 2004 Athens, medali ya fedha nyuma ya Hicham El Guerrouj wa Moroko, tofauti ikiwa sehemu 12 za mia za sekunde. Mwaka huo alikuwa ameshapata uraia wa Marekani, na mwaka 2007 Osaka akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 na mita 5,000 kwenye mashindano yaleyale, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyekuwa amelifanya kwenye mashindano hayo ya dunia. Alikuwa na miaka 32.

Subiri, haijaisha. Mwaka 2016, akiwa na miaka 41, alishinda mita 5,000 kwenye mchujo wa Olimpiki wa Marekani dhidi ya vijana ambao baadhi yao walikuwa watoto wachanga alipoanza kukimbia. Akaenda Rio, Olimpiki yake ya tano. Na kocha? Yuleyule Li. Mwalimu alipohamia Arizona, mwanafunzi alimfuata Tucson. Kanuni za chuo ziliwapa miaka minne, wao wakajipa ishirini.

Hakuna mkataba wa chuo unaoweza kulazimisha hilo. Lagat alikuwa bingwa wa dunia, angeweza kumwajiri kocha yeyote. Alibaki kwa sababu alikuwa amepata jibu la swali letu la mwanzo. Alilipata mapema, pale alipoambiwa "leo usikimbie" na mtu ambaye angefaidika kama angekimbia.

Baadaye Lagat mwenyewe akawa kocha wa mbio za nyika katika Chuo Kikuu cha Arizona. Aliyepokewa akawa mpokeaji.

Na nyumbani je?

Najua wengine mnaguna: sawa, kocha anadumu na wanariadha wake, na mke wake je? Swali zuri. Kazi hii inakula wikiendi zote. Jumamosi za Oktoba ni nyika, za Februari ni ukumbini, za Mei ni uwanjani. Jioni ni simu kwa wazazi wa vijana wanaotafutwa na vyuo. Usiku wa manane mwanafunzi kalazwa, nani anakwenda hospitali? Mwenza wa kocha anaolewa na timu nzima, apende asipende.

Ndiyo maana suala la kupumzika si la miguu peke yake. Zile wiki tano za Lagat zilikuwa pia za mkewe, Gladys, waliyekutana wakiwa chuoni Pullman, na za watoto wao wawili. Ratiba ya mwaka mzima ilikuwa na sehemu iliyoandikwa familia, na haikuguswa. Wengi wetu familia tunaipa makombo: kazi ikiisha, foleni ikiisha, simu ikizima chaji, ndipo tunakumbuka kuna mtu sebuleni. Kocha mzuri anapanga mapumziko kabla ya kupanga mazoezi. Wewe na mwenza wako mmeshakaa na kalenda mkafanya hivyo?

Kinachobaki

Mkimbiaji wa kiwango cha juu akibahatika atalipwa miaka kumi. Maisha ni marefu kuliko hapo. Kwa hiyo kocha wa chuo anayejali anauliza kuhusu darasa kama anavyouliza kuhusu mguu.

Mtazame Sally Kipyego wa Kenya. Akiwa Texas Tech alishinda ubingwa wa nyika wa vyuo mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Akaja kupata medali ya fedha ya mita 10,000 London 2012. Lakini alitoka chuoni na shahada ya uuguzi mkononi. Hata angevunjika mguu kesho yake, alikuwa na kazi.

Na kwetu hapa, Suleiman Nyambui, mwana wa Mara, alisoma na kukimbia El Paso, akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980, akashinda marathoni ya Berlin 1987 na 1988. Miguu ilipochoka hakubaki kusimulia ya zamani. Akawa kocha, na baadaye katibu mkuu wa chama cha riadha cha taifa.

Haya, jipime

Kabla hujafunga gazeti hili, jiulize maswali haya kuhusu kocha wako wa maisha, awe bosi, mwenza, mwalimu au rafiki. Ukiwa jasiri, jiulize pia kama wewe ndiye kocha wa mtu mwingine.

1. Ameshawahi kukwambia "pumzika" siku ambayo kupumzika kwako kulimgharimu yeye?

2. Anajua nini kuhusu wewe ambacho hakiandikwi kwenye matokeo? Jina la mama yako analijua? Ndoto yako je?

3. Anamtendeaje yule wa tano, asiye na umaarufu?

4. Kuna jambo amekubali mtu mwingine akufundishe kwa sababu analijua zaidi yake?

5. Siku ukimaliza wiki ukiwa wa 237, atakuwa wa kwanza kukupigia au wa kwanza kukaa kimya?

Ukipata majibu mazuri matatu, una mtu. Mshukuru leo, usingoje hotuba za msibani. Ukipata sifuri, basi unajua cha kufanya: maliza mzunguko wako, vua namba kifuani, katafute uwanja mwingine. Miguu ni yako, na bado una safari ndefu.